Rudia Mpaka Lipatikane Jibu Sahihi: Mwongozo wa Maabara kwa Mtafiti Mwenye Haraka

Vitabu vya mbinu za utafiti vina kasoro moja kubwa: vimeandikwa na watu wasio na haraka. Vinakutaka upime, upime tena, umwite mwenzako naye apime, kisha ukubali kwamba huenda umekosea. Wewe una mfadhili anayedai ripoti, msimamizi asiyejibu barua pepe na ada ya muhula ujao. Mwongozo huu ni wako, uwe unachunguza vimelea vya malaria au unaponda zege. Ufuate hatua kwa hatua, utapata jibu unalolitaka, tena kwa wakati.

Hatua ya kwanza: Lijue jibu kabla ya kupima

Mlezi wa hatua hii ni fundi wa maabara mmoja wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye friza, aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile mgeni wa shule, mhadhiri Denis Osborne. Wanafunzi wakacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni Dar es Salaam alimwagiza fundi wake ajaribu.

Fundi akajaribu, akaleta taarifa: ni kweli, maji ya moto yametangulia kuganda. Akaongeza kwamba wasiwe na shaka, wataendelea kurudia jaribio mpaka jibu sahihi lipatikane.

Hiyo ndiyo mbinu yenyewe, na hakuna kitabu kilichoieleza vizuri zaidi. Jibu sahihi ni lile ulilokuwa nalo kichwani asubuhi ulipokuwa unavaa koti jeupe. Kipimo kikilipinga, rudia. Kikilikubali, zima mashine hapo hapo na usiiguse tena. Ukijaribu mara kumi na mara moja tu mambo yakakaa sawa, hiyo moja iite matokeo, na zile tisa ziite majaribio ya awali.

Bahati mbaya, Osborne hakuufuata mwongozo huu. Alichapisha makala pamoja na Mpemba mwaka 1969, na jina la kijana aliyechekwa darasani likaingia katika vitabu vya fizikia duniani kote.

Hatua ya pili: Kipimajoto kiweke panapokufaa

Mwaka 2016 watafiti wawili nchini Uingereza, Burridge na Linden, waliurudia mjadala huo wa maji ya moto. Hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hutangulia. Walichokigundua ni kwamba ukikisogeza kipimajoto sentimita moja juu au chini ndani ya chombo, unaweza kuyafanya maji ya moto yaonekane yamewahi kupoa kuliko yale ya baridi. Maji ya chombo kimoja hayana joto moja.

Mtafiti wa kawaida akisoma hivyo hupata hofu. Wewe pata matumaini: sentimita moja ni mtaji. Usiandike kipimajoto kilikuwa wapi. Andika tu kwamba "joto lilipimwa". Katika sentensi hiyo hakuna aliyepima, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa.

Hatua ya tatu: Iamini pipeti kama ilivyo

Kitufe cha pipeti kina vituo viwili. Ukikibonyeza taratibu, kidole gumba kinakutana na ukinzani: hicho ni kituo cha kwanza, cha kupimia. Ukikaza zaidi kinashuka hadi cha pili, ambacho kazi yake ni kusukuma nje tone la mwisho. Mwenye subira hubonyeza hadi cha kwanza, huzamisha ncha milimita chache tu, huachia kidole polepole, halafu huangalia kama kuna tone limening'inia nje ya ncha. Mwenye haraka hubonyeza mpaka mwisho, huchovya, huachia ghafla, na kuondoka na kimiminika kingi kuliko alichokusudia pamoja na kiputo cha hewa.

Kuna watu wakorofi ambao kila baada ya muda huweka kikopo juu ya mizani, huvuta mikrolita 1,000 za maji safi na kuyapima. Kwa nyuzi joto 20 maji hayo yanapaswa kuwa na uzito wa karibu gramu 0.998. Hurudia mara kumi na kuandika kila namba. Usifanye hivyo. Ukishajua kwamba pipeti yako inapunja, itabidi ufanye kitu, na lengo letu ni kumaliza.

Hatua ya nne: Kontroli ni adui wa maendeleo

Kwenye kipimo cha PCR, vinasaba huongezeka maradufu kwa kila mzunguko. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kinaweza kuzaa nakala zaidi ya bilioni moja. Uchafu nao hupata baraka hiyo hiyo. Kipande kilichodondoka kutoka kwenye glavu ya jirani yako kitakua kama sampuli yako halali. Ndiyo maana waangalifu huweka kichupa kimoja cha kontroli, chenye kila kitu isipokuwa sampuli. Badala yake wanatia maji matupu. Kichupa hicho kikionyesha matokeo, kazi yote ya siku hiyo inatupwa.

Sasa jiulize, nani mwenye akili timamu atajiwekea mtego wa namna hiyo? Kiache. Na ikiwa msimamizi amekulazimisha ukiweke, na maji nayo yakaonyesha mstari, picha ya jeli inayoonyesha mistari hiyo ina kingo nne na mkasi upo. Funika kombe mwanaharamu apite.

Polisi wa Ujerumani wanaweza kukueleza raha ya kuishi bila kontroli. Kwa miaka kadhaa walimsaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilipatikana kwenye matukio kadhaa ya uhalifu Ujerumani, Austria na Ufaransa, yakiwemo mauaji ya polisi mjini Heilbronn mwaka 2007. Mhalifu wa ajabu, leo muuaji, kesho mwizi. Mwaka 2009 ikabainika kwamba vinasaba vile vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwandani aliyeshughulikia vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Pamba ile iliuawa vijidudu lakini haikusafishwa vinasaba. Kijiti kimoja kipya kilichochafuka, kama kingepimwa kabla ya kugusa chochote, kingeharibu upelelezi wote huo mzuri.

Hatua ya tano: Lebo ikisema ini, ni ini

Mwaka 1951 madaktari wa Baltimore, Marekani, walichukua seli za saratani ya mlango wa kizazi kutoka kwa Henrietta Lacks bila kumwomba ridhaa. Seli hizo, HeLa, zilikua kwa kasi isiyo ya kawaida, zikasambazwa maabara kwa maabara, na kuvamia chupa za wenzao. Mwaka 1966 Stanley Gartler alitangaza kwamba seli nyingi zilizodhaniwa za watu na viungo mbalimbali zilikuwa na aina moja ya kimeng'enya G6PD, aina inayopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee, hata pale ilipoandikwa kwamba aliyezitoa ni Mzungu. Zilikuwa HeLa.

Kuna waliokasirika, na unaweza kuwaelewa. Umetumia miaka kuchunguza ini, anakuja mtu anakwambia hukuwahi kuliona. Kwa hiyo kipimo cha kuthibitisha seli ni za nani usikiagize. Lebo imeandikwa kwa wino usiofutika, unataka nini tena?

Hatua ya sita: Kwa wahandisi, mpendeze mchemraba

Wenzetu wa uhandisi wana bahati: sampuli yao wanaifinyanga wenyewe. Mchemraba wa zege una milimita 150 kila upande. Kwa viwango vya zamani vya Uingereza vya BS 1881, vinavyofahamika sana katika maeneo yetu ya ujenzi, kalibu hujazwa kwa matabaka, na kila tabaka hushindiliwa kwa nondo si chini ya mara 35. Michemraba hulazwa majini, kisha mingine huwekwa kwenye mashine siku ya 7 na mingine siku ya 28. Zege la daraja la 25 linatakiwa kuhimili karibu kilonyutoni 560 kabla ya kupasuka, yaani mzigo wa tani 57 hivi juu ya kitu unachoweza kukibeba mikononi. Likipasuka vizuri, pande zote nne hubanduka sawasawa na kubaki umbo lililobanwa kiunoni.

Taratibu zinataka zege la mchemraba lichotwe kwenye zege lile lile linalomwagwa kwenye nguzo. Hapo ndipo pa kuonyesha ufundi. Kule kwenye nguzo vibarua wameongeza ndoo mbili za maji ili zege liteleze, na kila ndoo imekula nguvu yake. Mchemraba wako usiuingize kwenye mambo hayo. Uchanganyie pembeni, kwenye karai, saruji ya kutosha, kokoto zilizooshwa na maji ya kupima. Ushindilie hata mara 50, kwa upendo. Siku ya 28 utapasuka kwa heshima, na ripoti itapigwa muhuri.

Kumbuka tu jambo moja kabla ya kuukabidhi mwongozo huu kwa anayekufuata. Mhariri wa jarida anaweza kuamini picha iliyokatwa, na mfadhili anaweza kuamini jedwali lililopikwa. Nguzo haina mazoea ya kusoma ripoti. Inabeba kwa kadiri ya zege lililomwagwa ndani yake. Kwa hiyo, siku ya kugawa vyumba vya jengo hilo, wewe omba cha jengo jirani, lile lililosimamiwa na yule mkorofi anayepima pipeti kwenye mizani.