Jinsi ya Kupata Asilimia Nzuri Bukavu

Ndugu yangu, komini imekupa kazi: pima kama wakazi na wafanyabiashara wa Bukavu wanaridhika na huduma za mji wao. Sogea hapa nikufundishe. Wakubwa wako wanangoja namba moja tu, ile inayowasifu. Usiwashangae, nani kati yetu hushika kioo akitafuta kovu? Nimetembea na fomu mkononi kutoka Nguba hadi Bagira, najua pa kupita. Na kwa kuwa naupenda mji huu, kila hila nitakayokupa nitakuonyesha pia inamuumiza nani.

1. Chagua njia kabla ya kuchagua watu. Fuata lami. Pita avenyu Patrice Emery Lumumba, ingia Muhumba, teremka Nguba karibu na ziwa. Fomu ishirini zitajaa kabla ya saa sita mchana na viatu vyako vitabaki safi. Usipande Kadutu. Kule Cimpunda na Nyamugo nyumba zimebanana kwenye mteremko, na moto ukiwaka gari la kuzima halina pa kupenya. Watu wa kule wana mengi ya kusema, na wewe unataka machache.

2. Uliza kwa majira. Habari za barabara uliza Julai, kiangazi, wakati matope yamekauka na mifereji imenyamaza. Habari za maji ngoja Novemba, mvua inapojaza kila beseni. Ukigeuza ratiba, umeharibu kazi.

3. Kwenye maji, anza na swali hili: je, una robine ya REGIDESO, shirika la maji, uani kwako? Akisema hapana, andika "haimhusu", ruka ukurasa. Hapo watabaki wenye robine peke yao, na asilimia itapanda bila wewe kudanganya hata neno moja. Lakini mtazame huyo uliyemruka. Ni binti anayetoka saa kumi ya usiku na bidoni la lita 20, kisha anaingia darasani shingo ikimuuma. Ni mama anayechota ziwani huku akijua kipindupindu hakijawahi kuhama pembezoni mwa Ziwa Kivu. Hakuna mtu katika mji huu ambaye maji yanamhusu kuliko hao wawili, nawe umewafuta kwa neno moja.

4. Tenganisha takataka na umeme. Hii ndiyo hila kubwa kuliko zote, kwa hiyo isikilize taratibu. Takataka ziweke ukurasa wa pili, umeme ukurasa wa tisa. Usimpe mtu nafasi ya kuziunganisha, maana akiunganisha ataona mambo haya: taka zisizozolewa Kadutu huangukia mto Kawa; Kawa huzimwaga ziwani; ziwa nalo halina pa kutokea ila mto Ruzizi, palepale Bukavu; na hatua chache chini ya hapo lipo bwawa la Ruzizi I, linalotupatia umeme tangu enzi za Wabelgiji. Chupa za plastiki hujikusanya mbele ya bwawa, zikaziba njia ya maji, mitambo ikasimama. SNEL, shirika la umeme, wakakata. Wewe unakaa gizani ukiilaani delestaji, kumbe chupa uliyoitupa Jumatatu ndiyo iliyokuzimia taa. Mtu akilijua hilo, hataridhika tena na jibu la nusu kutoka kwa yeyote: ataidai komini gari la taka kwa sababu anataka mwanga. Fomu yako haina kisanduku cha dai la namna hiyo.

5. Wafanyabiashara. Alika wenye maduka makubwa, wanachama wa FEC, shirikisho la wenye biashara, wape kiti na soda baridi. Waulize kuhusu "mazingira ya biashara", maneno mapana yasiyobana popote. Usiwaulize wanalipa nini, kwa nani, mara ngapi kwa mwezi, na risiti ziko wapi. Wala usiulize walivyoishi tangu Februari 2025, waasi wa AFC/M23 walipouteka mji na benki zikafunga milango.

Wauzaji wa kando ya barabara usiwahesabu kabisa. Sema hawana patenti. Na mama anayekuja kuuza kutoka Bunyakiri ndiye rahisi kuliko wote kumwacha: jina lake liko Kalehe, si mkazi wa Bukavu. Ni kweli, si mkazi. Ila mihogo, ndizi na mafuta ya mawese uliyokula wiki hii huenda yamepita mikononi mwake. Amekaa juu ya lori, amevuka msitu wa Kahuzi-Biega kwenye matope, akapita Miti akitoa pesa kwenye vizuizi, na sasa anatandika bidhaa zake chini, mahali pasipo choo wala paa. Analipa tiketi ya soko kama mwingine yeyote. Anaitumia Bukavu kuliko wengi tunaolala humo, na hakuna fomu iliyowahi kumuita mteja wa mji.

6. Tembea na chefu wa avenyu. Asimame tu mlangoni, asiseme kitu. Katika nyakati hizi mwenye hofu huridhika upesi, na saini yake haitetemeki.

Jihadhari na jambo moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Kivu Kusini ilijaribu bajeti shirikishi kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wakazi waliitwa mkutanoni kwa ujumbe wa simu, wakapigia kura kazi ya kutangulia, kisha wakaarifiwa kilichoamuliwa. Mahali pengine kodi ilianza kulipwa zaidi, kwa kuwa mtu aliona pesa yake imekwenda wapi. Kwa hiyo matokeo yako usiyarudishe mitaani. Aliyejibiwa mara moja atakungoja kesho yake mlangoni.

7. Mwisho wa fomu weka "maoni mengine", na chini yake mstari mmoja. Siku moja utakosea njia, utajikuta mbele ya yule mama wa Bunyakiri, naye atakushika mkono kabla hujaondoka. "Mwanangu, andika. Andika mvua ikinyesha mawese yangu yanaingia maji. Andika nimelipa tiketi mara mbili leo. Andika pale nyuma hakuna choo, tunangoja giza. Umeandika?"

Mstari wako umejaa kwenye neno "mawese". Geuza karatasi. Nyuma ni nyeupe yote.