Komba na Kibao cha Kunguru

Paliondokea Komba mmoja mkongwe, makazi yake shimo la mbuyu nje kidogo ya mji wa Pate. Shimo lote lilikuwa vitabu: vya tenzi, vya tiba, vya safari, vingine majalada yameng'oka akayashona upya kwa uzi wa mkonge. Pembeni mwa kurasa aliandika mawazo yake kwa wino wa masizi. Mchwa walivila vitabu kutoka chini, unyevu wa masika ukaviozesha kutoka juu, na macho yake nayo yakaanza kufifia.

Siku moja akaja Kunguru, mchuuzi wa ng'ambo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umebeba nini?"

"Maktaba nzima." Akatoa kibao chembamba. Akaeleza kwamba ndani yake mna vidonge vidogo mno, kila kimoja kina chembe nyeusi na nyeupe; umeme ukizisukuma, zinapanda na kuwa herufi. Ukurasa ukishatulia hauli chaji, ndiyo maana kibao hukaa wiki nzima na zaidi bila kuchajiwa.

Komba akakuza herufi mpaka zikawa kama kunde. Usiku ule alisoma hadi jogoo wa kwanza, jambo ambalo lilikuwa limemtoka miaka mingi. Asilaumiwe na mtu: kwa mzee asiyeona vizuri, ile ni rehema. Kosa lake lilikuja asubuhi, alipomwita Panya muuza karanga na kumpa vitabu vyote afungie biashara yake.

Miezi ikapita. Usiku mmoja akatafuta hadithi aliyoifikisha katikati, hakuiona. Akazima, akawasha. Haipo. Akamwita Kunguru.

"Nimeiondoa, babu. Aliyenipa niiuze hakuwa na haki nayo. Pesa yako nimekurudishia."

"Mlango wangu ulikuwa na komeo. Umeingiaje?"

"Sikuhitaji kuingia. Wewe hukununua kitabu, ulinunua ruhusa ya kukisoma. Ndiyo masharti uliyoyakubali siku ya kwanza."

"Na maneno niliyoandika pembeni mwa hadithi hiyo?"

Kunguru akanyamaza.

Kesi ikafika barazani. Kasa, msafiri wa bahari, akasema: "Utendi wa Tambuka ulitungwa hapa hapa Pate mwaka 1728. Umetufikia kwa miswada ya karatasi, na mingine imevuka hadi Hamburg. Mtunzi wake amekufa, masultani wamekwisha, na hakuna mchuuzi aliyeweza kuuvuta kutoka mikononi mwa aliyenao."

Komba hakukitupa kibao. Macho yake yalikihitaji. Ila alikwenda kwa Panya, akanunua kila pakiti ya karanga iliyobaki, akakaa chini akiikunjua moja moja, akinyoosha karatasi zilizolowa mafuta na chumvi. Ya saba ilikuwa na mwandiko wake.

Msomaji, jambo hili limetokea kwa watu. Mwezi wa Julai 2009, kampuni ya Amazon ilifuta kwa mbali nakala za vitabu viwili vya George Orwell kwenye vibao vya Kindle vya wateja waliokwisha kulipa, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Wakarudishiwa pesa, na baadaye mkuu wa kampuni akaomba radhi hadharani. Kimoja kilikuwa 1984. Cha pili ni kile tunachokisoma kwa jina la Shamba la Wanyama. Soma kwenye kibao upendavyo, lakini kama unacho cha karatasi, usikitoe.