Bakuli la Mama

Bakuli lile la kaure aliniachia mama yangu, na lilivunjika katikati ya Ramadhani, jikoni kwetu Michenzani, wageni wanne wakiwa sebuleni.

Wageni niliwaleta mimi. Tulifungua kwa tende msikitini, tukasali Magharibi, nikawaambia twendeni kwangu. Mke wangu sikumpigia simu. Ndani kulikuwa na muhogo wa nazi wa watu watano, sisi wawili na watoto watatu, na samaki wa kukaanga wa kuhesabu. Alichungulia, akanitazama, akarudi jikoni. Mara tukasikia mlio.

Sikwenda kutazama. Moyoni nilishahukumu: amelitupa kwa hasira ili aniaibishe. Wageni walipoondoka nikanuna. Alifagia vigae peke yake.

Siku mbili hatukusemezana. Binti yetu Salma, wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa tarishi: mwambie baba yako daku tayari, mwambie mama yako nimeshiba. Shangazi yangu alipopata habari alitaka waitwe wasuluhishi, mmoja wa kwetu na mmoja wa kwao, kama inavyoelekeza Sura An-Nisaa, aya ya 35. Lakini aya hiyo inazungumzia hofu ya kutengana. Sisi tulikuwa hatujaulizana hata swali moja.

Siku ya pili, kwenye darsa ya baada ya Alasiri, sheikh alisoma hadithi ya Anas bin Malik iliyomo katika Sahihi Bukhari. Mtume (s.a.w.) alikuwa kwa mmoja wa wake zake, wanazuoni wanasema ni Bibi Aisha, mke mwingine akamtuma mtumishi na chakula. Mwenye nyumba akaupiga mkono wa mtumishi huyo, sahani ikaanguka ikavunjika. Mtume aliokota vipande yeye mwenyewe, akakusanya na chakula, akawaambia waliokuwapo kwamba mama yao ameona wivu. Sahani nzima ikapelekwa kwa aliyevunjiwa, ile mbovu ikabaki kwa aliyeivunja. Haki ilitendeka na hakuna aliyefokewa.

Nilikaa pale nikiona haya. Yule alivunja kweli kwa wivu, na bado alifanyiwa upole. Wangu sikujua hata amefanya nini.

Nikarudi nyumbani, nikakaa naye chini jikoni. "Mama Salma, lile bakuli lilikuwaje?"

"Nililijaza la wageni, nikaongeza na fungu la watoto lisionekane dogo. Lilikuwa la moto, likaniunguza nikaliachia." Akanyamaza kidogo. "Ungenipigia simu, Baba Salma, ningeongeza muhogo. Sikukasirikia wageni. Nilingoja uje jikoni."

Akanifunulia kiganja. Kilikuwa na lengelenge lililoanza kukauka. Siku mbili nilikuwa nyumba moja naye, nikila alichopika kwa mkono ule, na sikuliona.

Nikamwita Salma, nikamwomba mama yake radhi mbele yake, kwa kuwa ndiye tuliyembebesha maneno yetu.