Jiwe Juu ya Buletini

Kwenye meza ya prefe, mkuu wa shule moja hapa Kisenge, kuna jiwe jeusi la manganizi, zito kuliko linavyoonekana. Kazi yake ni kukandamiza buletini za wanafunzi zisipeperuke. Sidhani kama limepata kazi nyingine tangu vita vya Angola vilipofunga reli ya Lobito, njia ya manganizi yetu kwenda baharini, mwaka 1975.

Kando ya jiwe imekaa kompyuta, nayo haina haraka ya kwenda popote.

"Mutoto, wewe si ulisoma Kolwezi?" Papa Prefe aliniuliza Ijumaa. "Iamshe hii."

"Nusu saa tu, Papa Prefe." Nusu saa! Mungu anisamehe.

Nilikuja na vitu vitatu mfukoni. Kwanza CD ya Windows XP, imekwaruzika kama magoti ya golikipa. Mashine iliimeza, ikanguruma kama kinu cha mihogo, ikaitema. Nikatoa DVD ya Linux, maana Linux nyingi za siku hizi hazienei kwenye CD ya megabaiti 700. Safari hii hata kunguruma hakukuwapo. Taa ilipepesa mara mbili, kimya. Baada ya kuibembeleza muda mrefu ndipo nilipoinama kusoma maandishi ya mlangoni pake: inasoma CD tu. Nilikuwa nikimlisha nyama choma kibogoyo.

Ikabaki flashi. Mashine haikuijali, ikakimbilia diski yake mbovu kama kawaida. Ukitaka ibadili mazoea, lazima ugonge F2 kabla haijazinduka vizuri, uingie kwenye mipangilio, uitangulize flashi. Niligonga kama fundi bati. Ikakubali, kisha ikaniandikia kwa Kiingereza kwamba programu yangu ni ya biti 64 na yeye ni wa biti 32. Nikarudi nyumbani, nikala vifurushi vya simu usiku kucha nikipakua nyingine.

Jumamosi kila kitu kilikwenda sawa mpaka umeme ulipokatika. Uliporudi, kompyuta ilidai leo ni tarehe 1 Januari 2002, na flashi haikumbuki hata kwa sura. Nikapanga upya. Umeme ukakatika. 2002 tena.

"Imelogwa," alisema Papa Prefe, akisogeza kiti nyuma kidogo.

"Hapana, Papa Prefe. Betri ya kutunza kumbukumbu imekufa." Nilifungua boksi, nikapuliza vumbi, nikaichomoa kwa ncha ya kisu: kisahani cheupe, kidogo kama kifungo cha koti, kimeandikwa CR2032. "Inabidi tuagize Kolwezi."

"Hako kadude? Ndani yake kuna nini cha kuagiza?"

"Kuna lithi, Papa Prefe. Na..." Nilitamani nisiendelee. "Na manganizi."

Aliitazama betri kiganjani mwangu. Akalitazama jiwe. Akaliinua kwa mikono miwili, buletini zikaanza kuruka, akalileta taratibu mpaka kwenye boksi lililo wazi.

"Haliingii?"