Chaja Iko Hewani, Gari Halina Chaji

Fedheha za watu wazima ni nyingi, lakini ile ya kukataliwa na nguzo ina uchungu wake. Dereva amefika kituoni gari likiwa na asilimia nne ya chaji, amechomeka plagi, plagi imejifunga kwenye gari kama inavyotakiwa, amegusisha kadi, na kioo kimemwandikia kwamba hatambuliki. Nyuma yake kuna foleni ya magari mengine ya umeme, na wenyewe wanamtazama kwa ile huruma ya watu wanaojua kwamba zamu yao inakuja. Anagusisha tena, polepole, kwa adabu. Mashine inatafakari, kisha inamkataa mara ya pili mbele ya mashahidi. Jambo baya zaidi halionekani pale kituoni: ofisini kwa kampuni inayoendesha kituo, kwenye kompyuta, chaja hiyo ina alama ya kijani, na saa ile ya aibu itaingia kwenye ripoti ya mwezi kama saa ya utumishi mwema. Hoja yangu ni kwamba hapo programu haijakosea kitu, imefanya ilichotumwa. Programu za kusimamia vituo vya kuchajia huiuliza mashine hali yake, na mashine nyingi, kwa malezi mazuri, hujibu kwamba hazijambo. Mwenye gari haulizwi.

Kuelewa kijani hicho kinatoka wapi, inabidi usikilize mazungumzo ya chaja na ofisi, na yana utamu ambao sikuutarajia. Lugha yao inaitwa OCPP. Ilianzia Uholanzi mwaka 2009, na toleo lililoenea sana, la 1.6, lilitoka mwaka 2015. Uzuri wake ni kwamba chaja ya kiwanda chochote inaweza kuzungumza na programu ya kampuni yoyote, jambo ambalo hata chaja za simu zilichukua miaka kulikubali. Chaja ikiwashwa hujitambulisha kwa jina la kiwanda na modeli. Ofisi huijibu kwamba imekubaliwa, isubiri, au imekataliwa. Ikikubaliwa hupangiwa muda, na kila muda huo ukifika hutuma ujumbe uitwao mapigo ya moyo. Ujumbe huo hauna kitu ndani. Haubebi hali ya waya, wala joto, wala malalamiko. Jibu la ofisi nalo lina kitu kimoja tu: tarehe na saa. Chaja inasema, nipo. Ofisi inasema, sasa ni saa nane na dakika kumi na mbili. Hivyo hivyo usiku na mchana, mwaka mzima, kama mlinzi anayepiga filimbi kila saa ili tajiri alale, hata kama duka limeshabebwa. Mbali na mapigo hayo, chaja hutangaza hali yake, na toleo la 1.6 limeiwekea hali tisa za kuchagua. Mbili kati ya hizo nazipenda mno: moja husema uchaji umesitishwa na gari, nyingine husema umesitishwa na chaja, kwa hiyo hata ugomvi wa nani kamsusa nani una fomu yake. Lakini katika tisa zote hamna hali ya kadi nzima iliyokataliwa, wala ya kioo kisichosomeka juani, wala ya waya usiofika kwenye gari. Dereva aliyekataliwa akishaondoka, chaja hurudi kujitangaza kuwa ipo tayari. Kwa nani, haisemi.

Mtu anaweza kudhani natia chumvi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifanya jambo ambalo programu haiwezi kulifanya: walienda. Walizunguka eneo la ghuba ya San Francisco na kujaribu plagi 657 za chaja za kasi katika vituo 181 vya umma. Asilimia 72.5 ndizo zilizochaji. Katika asilimia 4.9 waya ulikuwa mfupi mno kulifikia gari, yaani mashine ilikuwa nzima kabisa na haina faida yoyote. Waliporudia sehemu ya plagi hizo baada ya siku nane hivi, hali kwa jumla ilikuwa ile ile. Na wakati huo kampuni zilikuwa zikijitangazia upatikanaji wa asilimia 95 hadi 98. Sidhani kila kampuni ilidanganya. Ilisoma kompyuta yake, na kompyuta ilisoma mapigo ya moyo. Serikali ya Marekani ilipotunga kanuni mwaka 2023 kwa vituo vinavyojengwa kwa fedha zake, ilijitahidi: ilitaka asilimia 97, na ikaongeza kwamba chaja haihesabiki kuwa hai mpaka umeme utoke kweli. Kisha ikaja kanuni ya kuhesabu. Mwaka una dakika 525,600. Toa dakika za ubovu. Lakini kabla hujatoa, punguza kwanza zile zilizosababishwa na kukatika kwa umeme, na kosa la gari, na matengenezo yaliyopangwa, na waharibifu, na majanga ya asili. Hata bila misamaha hiyo, asilimia tatu iliyobaki ni karibu siku kumi na moja za kulala. Uingereza imekaza zaidi, asilimia 99 kwa chaja za kasi tangu Novemba 2024, ila ni wastani wa mtandao mzima wa kampuni. Chaja ya mtaani kwako ikifa, chaja nyingine za mbali zinaweza kuibeba, na kijani kikabaki palepale.

Wenye kampuni watasema shida kubwa ni wezi wa shaba wanaokata nyaya, na programu haina mikono. Kweli, ila mwizi wa shaba hakuikataa kadi. Watasema pia kwamba bila kuuliza ofisi kwanza, umeme utaibwa. Hapa ndipo ucheshi unaponiishia. Mita za umeme wa kulipia kabla, za Luku kule Tanzania na za tokeni kule Kenya, hupokea tarakimu 20 na kuzihakiki zenyewe, hazimpigii mtu simu. OCPP nayo ina nafasi hiyo: chaja inaweza kutunza orodha ya kadi inazozijua, na mwendeshaji akitaka, hata kadi ngeni ikubaliwe mtandao unaposumbua, muamala utumwe baadaye. Hasara yake ni umeme wa gari moja. Mwendeshaji anayekizima kipengele hicho amepiga hesabu, na katika hesabu yake umeme wa gari moja umemshinda uzito binadamu aliyekwama barabarani usiku. Pingamizi la tatu lina nguvu zaidi: kituo chenye chaja kumi hakiwezi kuzipa zote nguvu kamili kwa pamoja, lazima kuwe na mgawaji. Nakubali. Lakini kikomo cha kila chaja kinaweza kuhifadhiwa ndani ya chaja yenyewe, ikaendelea kugawa kwa kiasi hata ofisi ikinyamaza.

Ofisi kunyamaza nako hutokea. Oktoba 2024 kampuni ya Enel X Way ilitangaza kuondoka Marekani, ikawapa wateja siku tisa hivi kabla ya kufunga shughuli zake huko. Na isiponyamaza, inaweza kuingiliwa. Mwaka 2022 chaja za barabara ya M11 kati ya Moscow na Saint Petersburg zilishindwa kutoa umeme, ila ziliweza kuandika matusi kwa Rais Putin. Kwenye kisiwa cha Wight, Uingereza, vioo vya chaja za halmashauri vilionyesha picha za ngono.

Ushahidi wa kuwapima wote hawa umo tayari kwenye seva zao. Kila muamala huandikwa na usomaji wa mita mwanzoni na mwishoni, na muamala uliofungwa mita ikiwa haijasogea mara nyingi ni dereva aliyekwama; kadi inayokataliwa mtandao ukiwepo kwa kawaida hupita ofisini na inaweza kuhesabiwa. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa magari mwaka 2023, na vituo vinaongezeka Nairobi na Kigali, kwa hiyo programu hizi zinanunuliwa sasa hivi. Wewe unayetia saini mkataba, muuzaji akikufungulia ile ramani yenye nukta za kijani, mwambie aifunge, akupe idadi ya miamala ya mwezi uliopita iliyoisha na uniti sifuri, na ya kadi zilizokataliwa. Asipokuwa nayo, usinunue.