Mwenye Mji wa Mpanda

Katika kitabu chake cha 1977 kuhusu upigaji picha, mwandishi Susan Sontag alitufundisha kwamba mpiga picha hujimilikisha anachokipiga. Basi hongera kwa yule kijana wa picha za pasipoti pale Mpanda mjini: nusu ya mji ni mali yake, ila kodi ya kibanda bado anadaiwa! Mwananadharia Roland Barthes naye aliona mauti ndani ya picha. Mteja wetu anaona pazia la buluu na koti la kuazima, limebanwa kwa pini mgongoni. "Kaka, nifutie na hii chunusi." Wasomi wa nadharia hizo, na lenzi zao ndefu, wameshapitiliza hadi Hifadhi ya Katavi, kujimilikisha viboko waliobanana kwenye tope la Mto Katuma. Fomu ya ridhaa, nasikia, hakuna kiboko aliyesaini.