Msomaji Yupo, Kitabu Hakuna

Mwaka 2023 Waswidi walitangaza ya kwao: katika utafiti wa wanawake zaidi ya 80,000, nusu walisomewa picha za matiti, za kutafuta saratani, kwa msaada wa kompyuta, na kazi ya madaktari wasomaji ikapungua kwa asilimia 44. Hongera. Hapa Uvira, mama muuza ndagala kasikia redioni, akauliza: inasoma picha ipi? Maana picha hutoka kwenye mashine, mashine hula umeme, na umeme wetu huja usiku wa manane, kama mdaiwa. Tulia, mama. Msomaji tumempata, tena bingwa. Bado kitabu tu. Kwa sasa mama anajipapasa mwenyewe, kwa vidole vinavyonuka ndagala. Hivyo havidai nenosiri.